Vita Vikubwa Mezani Kwetu

Wazee wetu walisema: Ahadi ni deni. Sisi tuliopata kwenda shule tulijifunza mithali hiyo tungali wadogo, tukaiandika kwa chaki, tukapewa alama nzuri. Lakini kuijua mithali ni jambo moja, na kulipa deni lenyewe ni jambo jingine. Katika usiku mmoja wa baridi, mwezi wa Agosti 2025, tulikumbushwa deni letu na mtoto wa miaka 13, wakati ule ule tulipokuwa tukishangilia ushindi. Twapenda kuwasimulia habari hiyo, maana huenda katika nyumba zenu pia yamo madeni ya namna hii.

Sanduku kutoka Ulaya

Shemeji yetu, ndugu wa mama wa watoto wetu, anafanya kazi Bruxelles. Mwezi wa Julai alikuja Lubumbashi kutuamkia, akaleta zawadi: kitambaa kwa dada yake, viatu kwa watoto, na kwa jamaa nzima sanduku moja la mchezo. Tulipolifungua tulikuta ubao wa karatasi ngumu wenye ramani ya dunia, askari wadogo wa plastiki wa rangi mbalimbali, karata, na dadu tano.

Mchezo huo huitwa Risk. Aliyeubuni ni Mfaransa, Albert Lamorisse, naye alikuwa mtengenezaji wa filamu. Ulitolewa Ufaransa mwaka 1957 kwa jina la La Conquête du Monde, maana yake Kuiteka Dunia. Mtu huyo ndiye aliyetengeneza, mwaka 1956, ile filamu ya mtoto wa Paris na puto lake jekundu, ambayo ilisifiwa katika nchi nyingi. Yaonekana alizijua vema pande mbili za moyo wa binadamu: upande unaolia kwa ajili ya puto lililopasuka, na upande unaotaka kutawala dunia nzima.

Wazee wetu nao walikuwa na michezo ya akili. Nani hajamwona mzee ameinama juu ya vishimo vya kisolo, akihesabu kete kwa macho, akimtega mwenziwe? Lakini katika kisolo wachezaji ni wawili tu, nao hawasemezani habari za mapatano. Mchezo huu wa Ulaya ni wa watu wengi, na hapo ndipo ulipo ugumu wake: killa mtu ana maadui watatu, na killa adui aweza kuwa rafiki kwa muda.

Sheria zake si ngumu. Dunia imegawanywa katika nchi 42 na mabara 6. Killa zamu yako ifikapo wapewa askari wapya: wahesabu nchi zako, wagawanya kwa tatu, lakini hupewi kamwe chini ya askari watatu. Mwenye bara zima huongezewa: Asia askari 7, Ulaya 5, Amerika ya Kaskazini 5, Afrika 3, Amerika ya Kusini 2, Australia 2. Anayeshambulia hurusha dadu mpaka tatu, anayejilinda mpaka mbili. Wakilingana, mlinzi ndiye mshindi. Tena ukiteka angalau nchi moja katika zamu yako, wapata karata. Na karata tatu zinazopatana hugeuka kuwa askari. Fungu la kwanza linalotolewa mezani huleta askari 4, la pili 6, kisha 8, 10, 12, halafu 15. Na sheria moja zaidi, ambayo twaomba muikumbuke: ukimtoa mtu mchezoni kwa kuteka nchi yake ya mwisho, karata zake zote zinakuwa zako.

Congo juu ya ramani

Watoto walipoiona ramani, jambo la kwanza walilolitafuta ni kwao. Wakaiona: katikati ya Afrika imeandikwa Congo. Wakafurahi, kisha wakashangaa. Nchi zaidi ya hamsini za Afrika zimefanywa sita tu: Afrika ya Kaskazini, Misri, Afrika ya Mashariki, Congo, Afrika ya Kusini na Madagascar. Mtoto wetu mdogo akauliza nani aliyezichora hivyo. Tukamwambia ni mtu aliyetengeneza mchezo, naye haikumpasa kumwuliza mwenyeji ye yote. Tukawaeleza pia kwamba wako watu waliofanya hivyo bila mchezo: kati ya Novemba 1884 na Februari 1885 wakubwa wa Ulaya waliketi Berlin kuzungumza mambo ya Afrika, wala mezani pale hapakuwa na Mwafrika hata mmoja.

Sisi wenyewe, tulipokuwa tukisukuma askari kwa kidole kutoka Congo kwenda Afrika ya Mashariki, tulimkumbuka babu yetu mzaa baba. Yeye alikuwa mmoja wa makumi ya maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Force Publique, wakati jeshi hilo lilipoingia katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani na kuuteka mji wa Tabora, Septemba 1916. Babu hakuwa na ugomvi na mtu wa Tabora. Alitwikwa sanduku la risasi, akaambiwa aende, akaenda. Baba yetu alionyeshwa utotoni kovu la bega lake. Njia ile ambayo babu aliimaliza kwa miezi, juu ya meza ni upana wa vidole viwili.

Hayo twayasema ili mjue kwamba hatukuucheza mchezo huo kama watu wasiojua maana ya vita. Tulijua. Na hata hivyo, kama mtakavyoona, meza ilitushinda.

Wanne mezani

Tulicheza killa Jumamosi jioni, mbabula ikiwaka mlangoni, kwa maana kiangazi cha Lubumbashi kina baridi usiku. Umeme ulipokatika, mama wa watoto alileta taa ya sola, akaiweka karibu na Australia. Yeye hakucheza. Alisema kwamba vita vya jikoni vyamtosha.

Wachezaji walikuwa wanne. Sisi wenyewe, shemeji, binti yetu wa miaka 16, mwenye akili ya kungoja, na mpwa wetu, mtoto wa dada yetu wa Bukavu.

Mtoto huyo yafaa tumweleze. Mwezi wa Februari 2025, siku chache kabla ya wapiganaji wa M23 kuingia Bukavu, dada yetu alimpandisha katika lori la kwenda Uvira pamoja na jirani. Yeye mwenyewe alibaki, maana mama yetu mzee alikuwa mgonjwa, hawezi kusafiri. Kutoka Uvira mtoto alipanda mashua mpaka Kalemie, na kutoka Kalemie alikuja kwa lori tena. Alitufikia mwezi wa Machi na begi moja. Kwa muda mrefu hakulifungua. Usiku alilala, viatu vyake karibu na kichwa, begi karibu na viatu.

Hakuwa mtoto wa matata. Alichota maji bila kutumwa, alijibu alipoulizwa. Lakini habari za safari yake hakuzisema, nasi hatukuzidi kumwuliza, tukidhani kwamba kunyamaza ni dawa. Jumamosi mbili za kwanza alikataa kucheza. Alichukua kile kitabu cha sheria, kilichoandikwa kwa Kifaransa, akakisoma toka mwanzo hata mwisho. Jumamosi ya tatu alivuta kiti. Tangu hapo, tulipobishana juu ya sheria, yeye ndiye tuliyemwuliza.

Vita vyenyewe

Jioni ile ya Agosti mchezo ulianza vizuri. Kwa kuwa tulikuwa wanne, killa mtu alianza na askari 30. Binti alijificha Australia, ambako mlango ni mmoja tu, wa kupitia Siam, akakusanya askari kama mtu anayeweka akiba ya mahindi. Mpwa wetu alikuwa na nchi tano za Asia: Mashariki ya Kati, India, Uchina, Mongolia na Kamchatka. Sisi tulipata Afrika nzima. Na shemeji alikamata Amerika ya Kusini, kisha Amerika ya Kaskazini, akaongeza Iceland na Ulaya ya Magharibi.

Hesabuni wenyewe. Sisi tulikuwa na nchi 6, hivyo tulipewa askari 3, na 3 wa bara: jumla 6 killa zamu. Yeye alikuwa na nchi 15: askari 5, na 2 wa Amerika ya Kusini, na 5 wa Amerika ya Kaskazini: jumla 12. Mtu apataye maradufu ya mapato yako hana haja ya kuwa na akili kuliko wewe. Ana haja ya kungoja tu. Na kati ya dola hizo mbili kuna bahari moja nyembamba, maana katika mchezo huu Brazili inapakana na Afrika ya Kaskazini. Vita vilikuwa vinakuja, na killa mtu mezani aliviona.

Ndipo tulipofanya agano na mpwa wetu. Masharti yalikuwa haya: sisi tusivuke kutoka Misri wala kutoka Afrika ya Mashariki kuingia Mashariki ya Kati, naye asivuke kuja kwetu. Yeye apeleke nguvu zake Kamchatka kumzuia shemeji asipite Alaska kuingia Asia. Nasi tumzuie upande wa Brazili. Sheria za mchezo hazisemi lo lote juu ya maagano. Hakuna karata ya agano wala dadu ya agano. Tulipeana mkono juu ya meza, mbele ya wote, basi.

Mtoto alilishika agano kwa bidii. Aliacha askari mmoja mmoja katika Mashariki ya Kati, India, Uchina na Mongolia, wengine wote akawapeleka Kamchatka. Sisi nasi tuliacha askari mmoja Misri, mmoja Afrika ya Mashariki, na tulipoona Brazili imejaa askari 20, tuliitoa hata Congo askari wake, tukawapeleka kaskazini.

Mpwa wetu akatazama, akasema: «Mjomba, Congo waiachia askari mmoja?»

Tukamweleza kwamba Congo imezungukwa na nchi zetu wenyewe. Haipakani na adui. Askari wanaokaa ndani ni askari wa bure.

Akasema: «Nasi tuliambiwa hivyo. Tuliambiwa adui yu mbali.»

Binti alitutazama. Shemeji alikohoa. Sisi tuliyasikia maneno hayo, lakini zamu ilikuwa ya shemeji, dadu zilikuwa mkononi mwake, nasi tukageuza macho kwenda Brazili. Leo twajua kwamba mchezo ungalipasa kusimama pale.

Shemeji akashambulia. Watu wengi hudhani kwamba anayejilinda katika ngome ana nafasi kubwa, kwa kuwa dadu zikilingana yeye hushinda. Si hivyo. Dadu tatu zikipigana na mbili, katika mara mia moja anayeshambulia huua askari wawili bila kupoteza yeye yote kadiri ya mara 37; anayejilinda hufanya hivyo kadiri ya mara 29; nyingine zote killa upande hupoteza mmoja. Tofauti ni ndogo, lakini katika vita virefu ni kama maji yapitayo chini ya ukuta wa udongo. Tulikuwa na askari 14 katika Afrika ya Kaskazini. Baada ya kurusha mara kumi na moja tulibaki na watatu. Yeye alikuwa amepoteza 11 vile vile, akabaki na tisa Brazili. Akasita, kwa maana binti alikuwa ameanza kusogeza askari Ulaya, karibu na Iceland. Akaacha kushambulia, akanywa chai. Kabla ya hapo, katika zamu zilizotangulia, alikwisha kumpiga mtoto sana upande wa Kamchatka: walibaki pale askari wawili tu.

Zamu ikawa yetu.

Ushindi

Tulikuwa na karata nne. Tatu zilipatana, na fungu hilo lilikuwa la tano mezani, lenye askari 12. Pamoja na sita wetu, tulikuwa na askari wapya 18. Njia ya haki ilikuwa kuwaweka wote Afrika ya Kaskazini na kungoja kipigo cha pili. Lakini tulitazama upande wa mashariki, tukaona jambo jingine. Mtoto alikuwa na karata tano mkononi. Nchi zake zilikuwa tano, nne kati yake zina askari mmoja mmoja, nazo zimefuatana kama nyumba za barabara moja. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi, kwa sababu alitusadiki.

Tuliwaweka askari wote 18 Misri.

Mpwa wetu aliona mara moja. Akasema kwa sauti ya chini: «Mjomba, hapo si mpaka wa mapatano?»

Tukacheka, tukamwambia kwamba vita ni vita, na kwamba yeye aliyekisoma kitabu chote atuonyeshe ukurasa unaokataza. Hayo ndiyo maneno yetu. Twayaandika hapa kama tulivyoyasema, ingawa twaona haya.

Hakuonyesha ukurasa. Alichukua dadu yake, kwa kuwa anayejilinda ni lazima arushe, akairusha kwa ajili ya Mashariki ya Kati. Akashindwa. Akairusha kwa ajili ya India, Uchina, Mongolia. Kamchatka alirusha dadu mbili, akatuua askari watatu kabla ya kuanguka. Hakulia, wala hakutupa kitu. Ilipotekwa nchi ya mwisho alizihesabu karata zake mwenyewe, moja hata tano, akazisukuma mbele yetu, maana hiyo ndiyo sheria. Kisha akainuka, akaenda nje.

Nasi, wasomaji wapenzi, tulifanya nini? Tulizichukua karata. Moja yetu na tano zake zilikuwa sita, na mwenye karata sita baada ya kumtoa mtu huruhusiwa kutoa fungu papo hapo. Fungu la sita: askari 15. Tuliwaweka Afrika ya Kaskazini, wakawa 18 juu ya tisa, tukavuka bahari. Brazili ikaanguka, kisha Argentina, kisha Peru. Shemeji alishika kichwa. Dola iliyotutisha jioni nzima ilipasuka katika zamu moja. Tukapiga meza kwa furaha, tukatafuta uso wa kutusifu.

Binti alikuwa akikusanya askari wake Australia bila kusema neno. Shemeji naye hakutusifu. Mama wa watoto, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alisema: «Mtoto yuko nje penye baridi. Nenda ukamtazame.»

Penye mbabula

Tulimkuta amechuchumaa karibu na mbabula, akivuruga majivu kwa kijiti. Tuliketi. Tukaanza kumweleza, kama wakubwa wanavyopenda kueleza: ya kwamba huo ni mchezo tu, na askari ni wa plastiki.

Akajibu kwa adabu: «Najua, Mjomba. Mimi sisikitikii askari.»

Tukauliza, basi ni nini?

Alikaa kitambo, kisha akasema: «Usiku nilipofika, ulisema Mama atakuja kabla ya Pasaka. Pasaka ikapita. Ukasema atakuja masomo yatakapokwisha. Yakaisha. Sasa umesema atakuja mbele ya Septemba.» Akavunja kijiti. «Hapo mezani nilikuwa nafikiri: maneno ya Mjomba ni ya namna gani?»

Hatukuwa na jibu. Ni kweli, tuliyasema yote matatu. Hatukuyasema kwa ubaya. Mtoto alipofika, akiwa na vumbi la barabara hata katika kope zake, tulitaka alale usingizi, tukampa tarehe kama mtu ampavyo mtoto kipande cha muwa. Na ilipopita ile ya kwanza, ilitubidi kutoa ya pili. Kumbe yeye alizihesabu zote, kama alivyohesabu karata. Killa tulipodhani twamtuliza, tulikuwa twakopa. Naye ndiye mwenye daftari.

Basi usiku ule tulimwambia ukweli, na ulikuwa mzito kuliko mchezo wo wote. Tulimwambia kwamba hatujui mama yake atakuja lini. Kwamba nyanya yake bado hawezi kusafiri, na mama yake hawezi kumwacha. Kwamba tuliposema Pasaka hatukuwa na habari yo yote kutoka kwake. Tulisema kwa sababu tuliogopa kumwona akilia. Tukamwomba radhi kwa hilo, na kwa agano la mezani pia.

Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu Machi. Alilia kwa muda mrefu. Akaanza kusimulia, bila mpango: lori, usiku wa Uvira, mashua iliyojaa watu hata maji yakafika karibu na ukingo, mwanamke mmoja aliyempa nusu ya mkate wake. Na jinsi mama yake alivyomwambia pale garini, «Nitakufuata juma lijalo.» Tukaelewa kwamba sisi hatukuwa wa kwanza, na kwamba dada yetu naye, kwa upendo ule ule, alikopa asichoweza kulipa.

Asubuhi yake, baada ya misa, tulimpigia dada simu. Safari hii hatukuichukua simu sisi kwanza na kumpa mtoto maneno ya mwisho. Tulimwachia. Akamwuliza mwenyewe: «Mama, ni kweli hujui?» Tukasikia kimya, kisha sauti ya dada ikisema kwamba ni kweli, hajui, lakini kwamba killa Jumapili atapiga simu saa nne, na kama mtandao ukikataa atajaribu saa kumi. Hiyo ilikuwa ahadi ndogo, iliyo ndani ya uwezo wake. Jumapili zilizofuata aliitimiza. Juma lile mtoto alifungua begi lake, akatundika mashati yake pamoja na ya watoto wetu. Mpaka tunapoandika haya dada yetu hajafika.

Sheria ya nyumba

Mchezo wa usiku ule haukuisha; askari walirudishwa sandukuni Amerika ikiwa imepasuka na Australia imejaa. Shemeji asema yeye ndiye angalishinda. Binti hasemi neno, na twadhani yeye ndiye angalishinda kweli.

Jumamosi iliyofuata tuliwaambia watoto wote kwamba tulivunja neno letu mbele yao, na kwamba ushindi ule tulioupiga meza ulikuwa wa wizi. Shemeji alidhani twazidisha, maana katika mchezo huo watu huvunja mapatano killa siku, na ni sehemu ya utamu wake. Alisema kweli. Watu wazima walioketi wakijua hivyo hawadanganyani. Lakini mtoto wetu hakuketi hivyo. Yeye aliuona mkono wa mjomba wake, si mkono wa mfalme wa Afrika.

Ndipo mpwa wetu akatoa shauri, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa sheria. Tuliliandika ndani ya kifuniko cha sanduku: Agano lililofanywa mezani laweza kuvunjwa, lakini mwenye kulivunja atatangaza zamu moja mbele. Tuliliona shauri hilo kuwa la hekima kuliko tulilotaka sisi, maana sisi tulikuwa tayari kuandika kwamba maagano hayavunjwi kamwe. Na hiyo ingalikuwa ahadi nyingine kubwa kuliko nguvu zetu.

Tukacheza tena. Sisi tukapata Afrika tena, naye akapata Mashariki ya Kati, tukafanya agano. Zamu ya sita alitutazama usoni, akasema: «Mjomba, natangaza. Zamu ijayo nakuja Misri.» Akaja, akaiteka, akapita mpaka Afrika ya Mashariki. Alicheka. Lakini Congo hakuiingia, kwa sababu safari hii tuliacha pale askari saba, na killa tulipotaka kuwaondoa aligonga meza kwa kidole mahali pale, nasi tukawaacha. Tulishindwa vibaya jioni ile.

Ninyi wazazi, na ninyi mlio na watoto wa ndugu zenu walioletwa na vita nyumbani mwenu, wapo wengi siku hizi, twawaomba jambo moja. Mtoto akiwauliza swali msilolijua jibu lake, msimpe tarehe. Mwambieni kwamba hamjui, kisha mpeni kidogo kile mnachokiweza: simu ya Jumapili, nafasi ya kutundika shati lake, kiti mezani. Mtoto aliyeachwa na mengi aweza kuvumilia kusikia «hatujui». Neno linalomchosha ni lile la tatu, linalokuja baada ya mawili yaliyokwisha kuvunjika.